Je, Wajua Kangaga Liliwahi Kumtoa Tegu?

Mwaka 1775 mfalme Louis XVI wa Ufaransa alitoa livre 18,000 kununua siri ya mjane mmoja wa Murten, Uswisi, Madame Nouffer. Siri yenyewe ilikuwa dawa ya tegu, mnyoo aishiye utumboni. Ilipofichuliwa, kumbe ni unga wa mzizi wa kangaga dume, Dryopteris filix-mas, mmea unaojiotea tu vivulini katika misitu ya Ulaya. Mgiriki Dioscorides alikwisha kuuandika kuwa dawa ya tegu miaka 1,700 hivi kabla yake. Mfalme alinunua kilichokuwa vitabuni!

Hata hivyo, mjane yule hakuuza mzizi mtupu, aliuza utaratibu. Mgonjwa alikula chakula chepesi jioni. Asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, alikunywa unga ule kwa maji. Saa mbili baadaye akapewa dawa kali ya kuharisha. Siri hasa ilikuwa hapo. Kemikali za kangaga hulegeza misuli ya tegu hata akaachia ukuta wa utumbo, lakini hazimuui papo hapo, hivyo ni lazima asukumwe nje upesi. Kisha choo kilichunguzwa. Tegu ana urefu wa mita kadhaa, ila kichwa chake ni kidogo kama cha pini, na kikibaki ndani, mwili wote huota upya.

Huo tunaouita mzizi ni shina litambaalo chini ya udongo. Kwa nje lina magamba ya kahawia. Likikatwa, ndani hutakiwa kuwa la kijani hafifu. Kijani kikishageuka kahawia, wauza dawa walilitupa, kwa kuwa nguvu imekwisha.

Dawa hiyo haikuishia kwa tegu. Mwaka 1880, wachimbaji wa handaki la reli la Gotthard, huko huko Uswisi, walipodhoofishwa na minyoo ya safura, mtaalamu wa vimelea Edoardo Perroncito alitumia dondoo ya kangaga hilo kuwatibu.

Tatizo ni kwamba kipimo kinachoponya kinakaribiana mno na kinachodhuru. Kikizidi, mtu hutapika, hupatwa na degedege, na wapo waliopofuka moja kwa moja. Hata mafuta ya nyonyo yalikatazwa kuharishia, kwani yalidhaniwa kuiingiza sumu mwilini. Karne ya 20 ilipoleta niclosamide na praziquantel, kangaga likaachwa, na sioni sababu ya kulisikitikia.

Ukiona chooni vipande vyeupe, bapa, vinavyojongea, huenda ni vya tegu; usiende kuchimba kangaga lolote. Nenda zahanati.