Mkono wa Gia Uliolegea katika Datsun 240Z

Miongoni mwa magari ya michezo ya zamani yanayoheshimiwa Afrika Mashariki, Datsun 240Z lina nafasi ya pekee, kwa kuwa gari hili la Kijapani, lililozinduliwa mwaka 1969 likiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara mbili: mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na msaidizi wake Hans Schüller, na mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Yaliyosalia leo yamepita umri wa nusu karne, na mengi yana kasoro moja inayofanana. Mkono wa gia unacheza, yaani unayumba huku na huku hata gia ikiwa imeshaingia, unatetemeka na kugonga gari linapopita kwenye njia mbaya, na dereva anayeitafuta gia ya pili huweza kujikuta ameingiza ya nne.

Kasoro hii huwatia wenye magari hofu kubwa kuliko inavyostahili. Wengi hushauriwa kushusha giaboksi nzima, kazi ya siku nyingi na gharama nyingi, ilhali mara nyingi giaboksi ni nzima kabisa na kilichokwisha ni bushi, yaani vile vipete vidogo vya plastiki vinavyokaa kati ya mkono wa gia na pini inayoushikilia, ili chuma kisisuguane na chuma. Plastiki hiyo hukauka na kukakamaa kwa joto linalopanda kutoka kwenye giaboksi, kisha hulika au hupasuka vipande vipande, na mahali pake pakabaki pengo.

Pengo hilo huonekana kubwa juu kuliko lilivyo chini, kwa sababu mkono wa gia ni wenzo, yaani mtaimbo unaozunguka kwenye egemeo moja. Sehemu iliyo juu ya egemeo ikiwa ndefu mara tano kuliko iliyo chini yake, milimita moja ya nafasi kwenye ncha ya chini humfikia dereva kiganjani kama milimita tano. Ndiyo maana si haki kuipima hali ya giaboksi kwa kuyumba kwa kirungu cha juu peke yake.

Kabla ya kufungua chochote, kasoro hii haina budi kutofautishwa na nyingine zinazofanana nayo. Gia inayochomoka yenyewe wakati gari linavuta huelekeza kwenye uchakavu wa ndani ya giaboksi; gia inayokwaruza inapoingizwa huelekeza kwenye klachi isiyoachia vizuri, au kwenye sinkronaiza, yaani pete zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana; na mkono unaoruka mbele na nyuma kila mafuta yanapokanyagwa huenda unaonyesha kwamba maunti, yaani mipira inayobeba injini na giaboksi, imekatika. Mkono unaocheza ovyo huku gia zote zikiingia na kukaa ndio unaohitaji bushi.

Gari huegeshwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na kupoa, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa vigingi na gia ikiwa huru. Kirungu hufunguliwa, kasha la katikati huondolewa, kisha mipira inayozuia vumbi na joto huvuliwa mpaka ionekane pini inayopita kwenye mkono wa gia, ikiwa imefungwa kwa klipu yenye umbo la herufi E. Klipu hiyo hupenda kuruka inapobanduliwa, kwa hiyo kitambaa hutandazwa kuzunguka mahali hapo, nacho huzuia pia mchanga usiingie kwenye giaboksi. Nafasi ikiwa finyu mno, kazi hufanywa kutokea chini, na hapo gari hukalishwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake.

Pini ikishatoka na mkono ukiwa umenyanyuliwa, jicho la fundi linapaswa kutulia hapo kuliko mahali pengine popote. Pini hufutwa na kupitishiwa ukucha, na mfereji wowote unaohisiwa ni sababu ya kuitupa, kwa maana bushi mpya juu ya pini iliyolika haitadumu. Tundu lililogeuka kuwa umbo la yai huhitaji fundi wa kukereza vyuma alitengeneze kwanza. Bushi za kununua hulinganishwa na zile za zamani, kwani giaboksi za mwanzo za gari hili na zile zilizofuata hazikufanana.

Kuhusu bushi za bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba na bati, zinazosifiwa na wengi kwa kuondoa ulegevu wote, ni kweli kwamba hudumu zaidi, lakini hupitisha mtetemo wa giaboksi moja kwa moja hadi mkononi, na zikikosewa kipimo huitafuna pini. Kwa gari la kutembelea, nailoni ndiyo chaguo la busara, kwa sababu hulika yenyewe na kuinusuru pini, tena bei yake ni ndogo. Bushi husukumwa taratibu kwa kubanwa kwenye jiriwa, si kwa nyundo, hupakwa grisi kidogo, na pini hurudishwa kwa klipu mpya. Kabla ya kasha kufungwa, gia zote pamoja na ya kurudi nyuma hujaribiwa injini ikiwa imezimwa. Na iwapo mkono utakuwa umetulia kwenye pini lakini gia bado inachomoka barabarani, hapo ndipo giaboksi itakapostahili kushushwa.