Picha za Wachoraji Mashuhuri Katika Sinema

JINSI ZINAVYOWEZA KUWAFIKIA WATU WA VOI NA TAVETA

Mtu aliye Taveta asubuhi, mawingu yakiwa yameondoka, huuona Mlima Kilimanjaro wote. Upande wa pili wa mlima huo, katika nchi ya migomba ya Machame, alizaliwa marehemu Sam Ntiro mwaka wa 1923, naye alipokuwa mtu mzima aliichora nchi yake na watu wake kwa rangi za mafuta. Picha yake moja ya mwaka wa 1956 yaonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. Mwaka wa 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, Marekani. Hivyo watu wanaoifahamu zaidi migomba ile na desturi ile ndio walio mbali kabisa na picha yenyewe.

Shida hiyo si ya Taveta peke yake. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja tu duniani, nayo hukaa mahali pamoja. Atakaye kuiona hana budi kuifuata. Lakini sinema hutolewa nakala nyingi, ikapelekwa mbali, na watu mia mbili wakaitazama kwa mara moja. Ndiyo sababu watengenezaji wa sinema, kwa muda wa miaka zaidi ya sabini, wamekuwa wakitengeneza filamu za mambo ya kweli juu ya wachoraji na kazi zao.

MWANZO WA KAZI HIYO

Mwaka wa 1948 Mfaransa Alain Resnais alitengeneza filamu fupi juu ya mchoraji Mholanzi, Vincent van Gogh. Hakumwonyesha mtu yeyote aliye hai. Kamera ilipita juu ya picha zenyewe, kutoka mti hadi nyumba, na kutoka mlango hadi chumba, mpaka mtazamaji akaona kana kwamba anatembea ndani ya nchi ya mchoraji huyo. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya Oscar mwaka wa 1950.

Miaka michache baadaye, Henri-Georges Clouzot alitaka kuonyesha jinsi picha inavyozaliwa. Alimpa Pablo Picasso karatasi inayopenya wino, akaiweka kamera upande wa nyuma. Katika filamu hiyo, iliyotoka mwaka wa 1956, mkono wa mchoraji hauonekani, ila mistari hujitokeza yenyewe: mara samaki, mara kuku, mara uso wa mtu. Mtazamaji huona jinsi bingwa anavyofuta, anavyogeuza nia, na anavyoanza tena.

MAONYESHO YALETWA KWENYE MAJUMBA YA SINEMA

Katika miaka ya karibuni kazi hiyo imepanuka sana. Mwezi wa Novemba 2011 maonyesho ya picha za Leonardo da Vinci katika Jumba la Taifa la Picha, London, yalirushwa moja kwa moja hadi majumba ya sinema ya Uingereza. Kutokana na jambo hilo ulizaliwa mfululizo wa filamu ambazo kila moja huhusu maonyesho fulani au mchoraji fulani, nazo huonyeshwa katika nchi nyingi.

Faida yake ilionekana mwaka wa 2023, Amsterdam ilipokusanya picha 28 za Johannes Vermeer, mchoraji ambaye kazi zake zinazojulikana ni chache, yapata 37 tu. Watu 650,000 waliingia, na tikiti zilimalizika upesi mno, hata wengi waliotaka kwenda walikosa nafasi. Filamu ya maonyesho hayo iliwafikia watu ambao hawangeweza kufika Uholanzi hata kama tikiti zingekuwapo.

KINACHOPATIKANA NA KINACHOPOTEA

Ni lazima watazamaji wafahamu kwamba sinema haiwi picha yenyewe. Katika maonyesho ya Vermeer ilikuwamo picha ya mwanamke anayefuma lesi, ambayo ukubwa wake ni kama sentimeta 24 kwa 21, haizidi sana daftari la shule. Katika sinema picha hiyo hujaa ukuta mzima. Hapo mtazamaji huona nyuzi na alama za brashi ambazo mgeni wa jumba la sanaa, akiwa nyuma ya watu wengi, huenda asizione kabisa. Lakini aweza kurudi nyumbani akidhani kuwa picha ile ni kubwa kama mlango wa ghala.

Rangi nazo zaweza kupotea. Filamu ya Resnais ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, kwa hiyo manjano mashuhuri ya Van Gogh yalionekana kijivu. Tena, katika jumba la sanaa mtu husimama mbele ya picha muda atakao. Katika sinema mtengenezaji ndiye huamua jicho liangalie wapi na kwa muda gani. Kwa hiyo filamu njema ni ile isiyofanya haraka, inayoonyesha picha nzima kwanza, kisha sehemu zake, na kutaja ukubwa wake.

LUGHA NA NJIA YA KUONYESHA

Kupeleka sinema vijijini si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza sinema za mafundisho huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Lori lake lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine, likichukua mashine na sahani za santuri zenye maelezo katika lugha za wenyeji. Filamu zile zilihusu kilimo, afya na kuweka akiba. Zilimwambia mtazamaji afanye nini. Filamu ya wachoraji humwachia aamue mwenyewe kama picha ni nzuri au sivyo.

Jambo la lugha bado ni kubwa. Filamu nyingi za wachoraji husemwa kwa Kiingereza, na maneno ya wataalamu huwa magumu. Katika Uganda na Tanzania wako watu wenye ufundi wa kutafsiri sinema kwa mdomo, filamu ikiendelea. Mwalimu wa Voi, Mwatate au Wundanyi aweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, au kwa Kidawida ikiwa wazee wamo, mradi awe ameitazama filamu mapema na kuyafahamu maneno yake.

Vyombo vinavyohitajika si vingi: mashine ya kuonyeshea, shuka nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, vipaza sauti, umeme, na chumba chenye giza la kutosha. Lakini idhini ni ya lazima. Kuwa na nakala ya kutazama nyumbani hakumpi mtu ruhusa ya kuionyesha mbele ya mkutano. Mwenye filamu sharti aombwe kwanza, na sheria ya Kenya ya kukagua sinema ifuatwe.

KAZI ZA KARIBU ZISISAHAULIWE

Filamu hizo nyingi ni za mabingwa wa Ulaya, na kuwajua ni jambo jema. Hata hivyo, Afrika ya Mashariki ina kazi zinazoihitaji kamera zaidi. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka wa 1932, alichora maisha ya Yesu juu ya kuta za kanisa la ukumbusho la Murang'a mwaka wa 1959, akiwapa watu na nchi sura ya Kiafrika. Picha ya ukutani haiwezi kufungwa sandukuni ikapelekwa Voi, sinema yaweza.

Mwaka wa 1965 Njau alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, Nairobi. Mwaka wa 1997 moto ulikiunguza kituo hicho, na kazi nyingi zikateketea. Kazi iliyoungua bila kupigwa picha haiwezi kuonyeshwa tena kwa mtu yeyote, wala Voi wala New York. Naye Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka wa 1968 hivi, akafa mwaka wa 1972. Miaka yake ya kazi ilikuwa michache, ingawa mtindo wake umeenea duniani kote.

Shule au chama chenye kamera ya simu chaweza kuanza na wenyeji wake: wasusi wa vikapu vya mkonge wa Taita, wafinyanzi, na wachoraji wa mabango ya maduka. Wapigwe picha wakiwa kazini, waulizwe walijifunza kwa nani, na majina yao yaandikwe sawasawa. Kisha filamu hiyo ionyeshwe jioni ile ile pamoja na ile ya Vermeer au Van Gogh, na watazamaji wapewe nafasi ya kuuliza maswali kabla taa hazijazimwa na watu kwenda zao.