Sikio Lililosahauliwa: Kiingereza cha Kusema na Kusikia katika Sekondari za Kilimanjaro

Mtoto anayeingia kidato cha kwanza katika shule ya kata kwenye miteremko ya Kilimanjaro mara nyingi huwa tayari ana lugha mbili. Nyumbani, iwe Kibosho, Machame au Rombo, amelelewa na bibi yake kwa Kichagga cha pande hizo. Shuleni na sokoni ametumia Kiswahili. Kiingereza alikisoma katika shule ya msingi kama somo mojawapo tu. Kisha unapofika mwezi wa Januari anaambiwa kuwa biolojia, hisabati na jiografia vyote vitafundishwa kwa lugha hiyo ya tatu, ambayo pengine hajapata kuitumia hata kuombea maji ya kunywa.

Yanayofuata wazazi wengi mnayajua. Mwalimu anauliza swali kwa Kiingereza, darasa linanyamaza. Anarudia swali lile lile kwa Kiswahili, mikono inainuka. Huo ukimya wa kwanza ndio tunaotaka kuuzungumzia juma hili. Mwanafunzi asiyeweza kusema "hapa sijaelewa" hapotezi kipindi cha Kiingereza peke yake. Anapoteza na fizikia, na kemia, na kila kinachofundishwa kwa lugha hiyo. Afikapo kidato cha pili amekwisha kuitwa mzito, na lililo baya zaidi, yeye mwenyewe amekwisha kuamini.

Jambo hili si geni. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na marehemu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari ifikapo mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Dawa iliyoletwa mwishoni mwa miaka ile ya 1980, kwa msaada wa Waingereza, ilikuwa mradi uliosambaza vitabu vya hadithi nyepesi mashuleni. Vitabu ni kheri, wala hatuvidharau. Lakini tazameni: tatizo la watoto wasioweza kusikia wala kusema lilitibiwa kwa kusoma kimya kimya.

Mjadala wa lugha gani ifundishie uko palepale, na wenye hoja wapo pande zote mbili. Sisi tunaelekea kukubaliana na Tume ya Makweta. Hata hivyo mtoto aliyeko darasani leo hawezi kusubiri mjadala uishe, naye anahitaji kufunzwa kusikiliza na kuzungumza. Mihtasari ya somo la Kiingereza imeyataja mambo haya mawili kwa miaka mingi. Tatizo ni kuwa mtihani wa kidato cha nne kwa miaka mingi umekuwa wa kuandika, na kisichotahiniwa hukosa nafasi. Mwalimu mwenye madarasa makubwa na muda mfupi hufundisha kitakachoulizwa, wala hatuoni sababu ya kumlaumu.

Tufanye hesabu kidogo. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 60, na mwalimu akawasimamisha mmoja mmoja bila kupoteza hata nukta, kila mmoja atasema kwa sekunde 40. Sasa awapange wawili wawili katika madawati yao kwa dakika 10 tu. Mmoja ana mchoro wa barabara kutoka stendi ya mabasi ya Moshi hadi Majengo, mwenzake ana karatasi tupu, na amri ni kwamba asichungulie; aelekezwe kwa maneno mpaka auchore mchoro ule. Wakibadilishana zamu, kila mtoto amesema kwa dakika tano, na dakika tano nyingine amesikiliza kwa makini kwa sababu asiposikia atapotea njia. Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule anayepita nje na kudhani darasa halina mwalimu aelezwe mapema.

Hapa pana jambo ambalo familia za Kiislamu tumelikalia bila kuliona. Madrasa zetu zimelinda elimu ya sikio kwa karne nyingi. Mtoto haichukui Qur'ani kutoka kwenye karatasi. Anaichukua kutoka kinywani mwa ustadh. Husikiliza, hurudia, husahihishwa, hurudia tena, na haendelei na aya ya pili mpaka ya kwanza imenyooka. Hakuna anayeona haya kusahihishwa herufi moja mara kumi, kwa kuwa kila mtu pale husahihishwa. Somo la Kiingereza likifundishwa kwa subira hiyo, kwa sentensi fupi zinazosikilizwa kwanza kabla ya kuandikwa, watoto wengi wangefunguka ndimi.

Yapo hata matunda ya moja kwa moja. Bara hapa wengi wetu husema "samani" tukikusudia thamani, na "zahabu" tukikusudia dhahabu. Mtoto aliyekwisha kufunzwa makhraj ya thaa na dhaal hana tena kazi ya kujifunza sauti za mwanzo za maneno "think" na "this", anazo mdomoni. Kwenye irabu ndiko kuna mlima. Sisi tuna tano, Waingereza wana nyingi, na sikio letu husikia "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo, kama neno moja. Tena Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, ilhali Kiingereza hukaza popote na kumeza zilizobaki. Ndiyo maana kijana anayeielewa sentensi ubaoni huipoteza kabisa anapoisikia ikisemwa. Imla, lile zoezi la kale ambalo wengine wamelitupa kwa kuliona limechakaa, ndilo hasa humfundisha kuzikamata hizo silabi zilizomezwa.

Faida yake mlimani inaonekana waziwazi. Vijana wengi wa Marangu na Machame hupata riziki kwa upagazi, na mpagazi anayetaka kuwa mwongozaji hana budi awe na Kiingereza cha kuzungumza. Kazi hiyo si ya kutaja majina ya ndege na miti tu. Ukipita mita 4,000 hewa huwa hafifu, na mgeni aweza kuanza kuugua bila yeye mwenyewe kutambua. Mwongozaji humwuliza kama kichwa kinamuuma, kama amekula, kama alilala. Kisha asikilize jibu la mtu aliyechoka, ambaye pengine ni Mjerumani au Mjapani na Kiingereza chake nacho ni cha kujifunza. Hapo alama ya A ya kuandika insha haitoshi.

Inabaki habari ya woga. Shule kadhaa nchini zimejaribu kuuondoa kwa adhabu: anayenaswa akisema Kiswahili huvishwa kibao, naye hukaa akivizia mwenzake wa kumvisha. Sisi hatuuoni utaratibu huo kuwa malezi. Humfundisha mtoto upelelezi na kuionea aibu lugha ya mama yake, na njia nyepesi ya kukikwepa kibao ni kunyamaza kabisa. Kicheko cha wenzake nacho hufunga vinywa vingi, hasa vya mabinti. Tumesikia wazazi wakisema binti yao hasemi darasani kwa sababu ana haya. Haya ni katika imani, hilo hatubishani. Lakini Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kuuliza ili waielewe dini. Binti anayepewa mwenzake wa kike wa kuzungumza naye katika dawati lake huvunja ukimya mapema kuliko anayesimamishwa mbele ya darasa zima.

Na nyumbani? Mzazi asiyejua Kiingereza hudhani hana la kufanya. Lipo. Jioni mwanafunzi aeleze kwa Kiingereza, kwa dakika mbili, jambo moja alilofundishwa siku hiyo, tuseme namna mmea unavyojitengenezea chakula. Kisha aeleze jambo lile lile kwa Kiswahili. Maelezo ya Kiswahili yakiwa ya kubabaika, basi alikariri maneno tu, na kesho amwendee mwalimu. Yakinyooka, ameelewa, na ulimi umefanya mazoezi. Mama anaweza kuwa jikoni wakati huo, anamenya ndizi za mtori, na kila neno la Kiingereza linapompita amwulize mwanawe, "Hilo maana yake nini?"