Damu Si Shamba

Mkulima wa chai wa Kericho au Bomet hahitaji kufundishwa asidi ni nini. Anajua kwamba mchai hustawi kwenye udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi, na kwamba jirani yake anayepanda mahindi kwenye udongo wa namna hiyo atashauriwa amwage chokaa kwanza. Anajua pia kuwa mbolea ya DAP, ikitiwa mwaka baada ya mwaka, huzidisha asidi shambani. Basi akiambiwa kuwa nyama na ugali vimeitia damu yake asidi, na dawa ni maji ya alkali au unga fulani wa majani, maneno hayo humwingia upesi, maana yanafanana na kilimo. Lakini udongo hauna mapafu wala figo.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mwanakemia wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alkali, na kila namba moja ni tofauti ya mara 10. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, awe ameshiba nyama choma au amelala na njaa. Ikishuka chini ya 7, uhai wenyewe umo hatarini. Jambo zito kiasi hicho mwili haukuliachia sahani ya chakula cha jioni. Ndani ya damu kuna bikaboneti inayoidaka asidi papo hapo. Mapafu hutoa hewa ya kaboni kila tunapopumua, na asidi inayotoka kwa njia hiyo kwa siku ni zaidi ya mara 100 ya ile inayopita kwenye figo. Figo nazo huitoa ile isiyoweza kugeuka hewa, na kutengeneza bikaboneti mpya.

Sasa tuitazame meza ya Longisa, huko Bomet: kimyet, yaani ugali, mboga ya managu, nyama kidogo, na mursik, yaani maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu kiitwacho sotet kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Mursik ni chachu mdomoni, lakini tumbo linaloipokea ni kali zaidi: pH yake ni kati ya 1.5 na 3.5. Ladha haituambii chochote hapa. Kinachohesabiwa ni masalio baada ya mwili kukichoma chakula. Protini ya nyama na ya nafaka ina salfa, nayo huacha asidi kidogo ya salfa. Managu na mboga nyingine zina potasiamu iliyofungamana na chumvi ambazo mwili huzigeuza bikaboneti, na ndimu hufanya vivyo hivyo japo inakunja uso. Asidi ya maziwa iliyomo kwenye mursik huchomwa ikaisha. Mwaka 1995 Thomas Remer na Friedrich Manz wa Ujerumani walitoa jedwali la mzigo wa asidi ambao kila chakula huutwika figo. Jedwali hilo ni la kweli na linatumika. Ila linahusu mkojo.

Na mkojo hubadilika sana, kutoka pH 4.5 hadi 8. Katika karne ya 19 Claude Bernard wa Ufaransa aliona mkojo wa sungura ukitoka alkali na kuwa asidi alipowanyima majani na kuwalisha nyama. Kwa hiyo anayechovya karatasi ya kupimia kwenye mkojo wake na kuogopa rangi anayoiona, ameziona figo zake zikifanya kazi. Damu hajaipima.

Na lile dai kwamba asidi ya nyama huyeyusha mifupa? Shika barabara kutoka Longisa kuelekea Narok na utaingia kwa Wamaasai. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi uliowalinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliotegemea nafaka na viazi. Wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wenye nguvu zaidi, na kasoro za mifupa zilionekana zaidi upande wa Wakikuyu. Wachunguzi hao hawakuwa wakipima asidi, lakini anayefundisha kwamba nyama huyeyusha mifupa ana kazi ya kueleza hilo.

Mboga tule, na kwa wingi. Zina nyuzinyuzi, madini ya chuma, vitamini, na potasiamu inayosaidia kushusha presha. Bali magadi tunayotia ili managu au maharagwe yalainike ni alkali tupu, nayo huharibu vitamini C na B1 na kuongeza sodiamu. Ualkali peke yake si afya.

Wapo wagonjwa ambao damu yao huzidi asidi kweli: mwenye kisukari aliyekosa insulini, mwenye figo zilizochoka, mtoto aliyeharisha hadi akakauka. Mgonjwa wa figo huweza kusaidiwa na mboga na matunda, lakini kwa mizani ya daktari, kwa sababu potasiamu ikimzidi husimamisha moyo.

Robert O. Young, Mmarekani aliyeandika kitabu *The pH Miracle*, aliuza fundisho kwamba asidi ndiyo chanzo cha magonjwa. Mwaka 2016 mahakama ya California ilimtia hatiani kwa kutibu watu bila leseni, na mwaka 2018 baraza la wazee wa mahakama liliamua alipe dola milioni 105 kwa mwanamke mwenye saratani aliyeacha tiba ya hospitali kwa ushauri wake.

Ndugu msomaji, ukimwona mwenye kisukari anatapika, anapumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva mno, usimtafutie ndimu wala maji ya alkali. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na insulini yake asiiache kwa ahadi ya mtu yeyote.