Nani Anaishi Kwenye Mafuta?

Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 inagawa mapato ya serikali kutokana na mafuta kwa mafungu matatu: asilimia 75 inabaki na serikali kuu, 20 inakwenda kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali mafuta yanapochimbwa. Hapa Lokichar, kaunti ya Turkana, kelele nyingi zimepigwa juu ya hiyo tano, kwamba ni kidogo. Kwa mtu wa sheria ugumu uko kwingine: jamii hiyo ni nani? Sheria yenyewe inajibu kwa ufupi kwamba ni watu wanaoishi katika kaunti ndogo ambamo mafuta yanachimbwa, na ambao wanaathiriwa na uchimbaji huo. Jibu linaonekana limekamilika mpaka ulishushe ardhini. Mji wa Lokichar uko Turkana Kusini, lakini kisima cha Ngamia 1, kilichofungua habari hii yote Machi 2012, kiko upande wa Nakukulas, Turkana Mashariki. Kisha tuseme kuna mfugaji ambaye awi yake, yaani boma lake, iko Loima, kaunti ndogo nyingine ya Turkana, naye kila kiangazi kikali huleta ngamia kulisha karibu na visima hivyo. Mwaka huu amekuta ua wa waya mahali mifugo yake ilipokuwa ikipita. Ameathirika kuliko mwenye duka wa Lokori, mji ulio Turkana Mashariki. Je, anaishi hapo?

Zamani swali hili lingemalizwa haraka. Mwaka 1969, katika kesi ya El Mann, Mahakama Kuu ilisema kwamba hata Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote: maneno yakiwa wazi, yafuatwe yalivyo. Jaji wa mkondo huo angeomba kitambulisho na rejista, na aliyekuwa malishoni siku ya kuandikishwa angebaki nje. Mahakama Kuu ilianza kuuacha mkondo huo waziwazi katika kesi ya Njoya mwaka 2004, na Katiba ya 2010 ikakata shauri. Kifungu cha 259 kinaagiza Katiba isomwe kwa namna inayokuza malengo na maadili yake, na cha 20 kinamtaka jaji, panapohusika haki, ashike tafsiri inayoilinda haki hiyo zaidi. Kwa mfugaji wetu kifungu kizito zaidi ni cha 63, ambacho kinahesabu maeneo ya malisho yanayotumiwa na jamii kuwa ardhi ya jamii. Basi jaji akisema kwamba mtu anayerudi na mifugo yake msimu baada ya msimu anaishi hapo pia, hatakuwa ametunga sheria. Atakuwa amesoma sheria ndogo kwa mwanga wa ile kubwa.

Lakini mwanga huo una mwisho wake. Jaji huyohuyo hawezi kufuta maneno "kaunti ndogo" na kuweka "Waturkana wote", hata kama moyo wake unamtuma hivyo. Wala hawezi kuigeuza tano kuwa kumi. Bunge lilibishana juu ya hesabu hizo kwa miaka, na likazipitisha.

Msomaji wa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, atanikumbusha kwamba majaji wamewahi kugusa hesabu ya Bunge. Ni kweli. Mwishoni mwa 2014 sheria ya usalama iliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, wakati waliokuwepo walikuwa zaidi ya laki tano. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikifuta kifungu hicho, kwa kuwa kukitekeleza kungemaanisha kuwasukuma watu warudi kwenye hatari waliyoikimbia, jambo ambalo Kenya imejifunga kwa mkataba kutolifanya. Ila hawakuandika kikomo kingine, laki tatu wala laki sita. Walibomoa kilichogongana na Katiba, na kujenga upya wakaliachia Bunge.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba jaji hapigiwi kura, na kwamba "malengo" ni mlango wa kupitishia mapenzi yake mwenyewe. Hofu hiyo haipuuzwi. Lakini anayeng'ang'ania maneno matupu naye anachagua. Tofauti ni kwamba chaguo lake halionekani. Jaji anayetaja lengo lazima aonyeshe amelitoa wapi na ushahidi gani unalibeba, na hapo ndipo anapokamatika kwenye rufaa. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilifuta agizo la kuwahamishia wakimbizi wa mijini kwenye kambi za Dadaab na Kakuma, kwa sababu serikali haikuthibitisha kwamba kuwahamisha kungeleta usalama. Mwaka uliofuata agizo linalofanana na hilo lilipona mbele ya mahakama hiyohiyo. Majaji wanaofuata huruma tu wasingeamua hivyo.

Ndiyo maana kesi ya mfugaji wa Loima, ikifika mahakamani Lodwar, haitashindwa wala kushinda kwa hotuba juu ya dhuluma ya miaka mingi. Wakili wake atahitaji wazee wa adakar, kundi la wafugaji wanaohama pamoja, waeleze njia za mifugo, visima vya maji walivyochimba, na miaka ya ukame waliyofika huko. Bunge nalo linaweza kuandika tu katika sheria kwamba malisho ya msimu yahesabiwe, na jaji asiwe na la kutafsiri.