Kuinua msingi wa nyumba: wakati gani unafaa, na wakati gani haufai

Tangu mwaka 2020 wakaaji wa Uvira wameona ziwa Tanganyika likipanda mpaka ndani ya mitaa. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, ndio mto Lukuga karibu na Kalemie. Mvua zikizidi miaka kadhaa, maji hujaa polepole na kukaa miezi. Waumini wengi wanauliza: je, nikijenga tena, niinue msingi kwa beto?

Kwanza tutofautishe maji. Kuna maji yanayopanda na kutulia, kama ya ziwa au ya mvua iliyokosa njia. Kuna pia maji yanayokimbia. Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia Uvira na kubomoa nyumba nyingi. Mei 2023, kule Kalehe, maji na mawe kutoka milimani yalifuta sehemu kubwa za Bushushu na Nyamukubi; watu zaidi ya 400 walikufa. Msingi ulioinuliwa unasaidia mbele ya maji yaliyotulia. Mbele ya mto unaobeba mawe, au katika mkingamo wa mmomonyoko, hausaidii. Pale dawa ni kuhama.

Ukiwa mahali pa maji yaliyotulia, tafuta alama ya juu kabisa ambayo maji yalifika kwenye kuta za jirani. Sakafu yako iwe juu ya alama hiyo, angalau sentimita 30 hadi 50.

Namna ya kwanza ni msingi wa mawe uliojazwa. Chimba mfereji mpaka ufikie udongo mgumu. Weka tabaka ya beto chini, kisha jenga ukuta wa mawe kwa simenti mpaka kimo ulichopima. Juu yake zungusha mkanda wa beto wenye vyuma vinne vya milimita 10 au 12, ili kuta zote zishikamane. Ndani jaza udongo wenye changarawe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka ulowanishe kidogo na kushindilia. Wengi hujaza kwa siku moja bila kushindilia, kisha sakafu inapasuka. Mwishoni tandika plastiki, na mimina sakafu ya beto ya sentimita 10.

Namna ya pili ni nguzo za beto zenye vyuma, zinazosimama juu ya vikanyagio vipana, na nyumba inakaa juu yake. Maji yanapita chini. Inafaa pale maji yanapopanda sana, lakini inadai vyuma vingi na fundi anayejua hesabu. Usiijenge kwa kukisia.

Kwa beto, kipimo cha kawaida ni simenti 1, mchanga 2 na changarawe 3. Mchanga usiwe na matope, na maji yasizidi. Baada ya kumimina, mwagilia siku 7 mfululizo, kwa sababu beto inayokauka upesi inakuwa dhaifu.

Mwenye uwezo mdogo asikate tamaa. Matofali mabichi ya udongo huyeyuka yakikaa ndani ya maji, na hapo nyumba huanguka yote. Kama huwezi kujenga nyumba nzima kwa simenti, tia simenti yako chini, kwenye msingi. Kuta za juu zitabaki kavu.

Lakini kuna jirani. Ukijaza kiwanja chote udongo, maji yako yanahamia kwake. Inua nyumba tu, si kiwanja chote, na uache mfereji maji yapite. Kamati za kujenga makanisa zilifikiri hili pia: kanisa kavu lililozamisha nyumba ya mjane linahubiri nini?

Katika Luka 6, Yesu anamsifu mjenzi aliyechimba chini sana kabla ya kujenga. Kimo cha nyumba kinaanzia kwenye kina chake. Basi kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, tembea kiwanja chako wakati wa mvua, uliza wazee maji yalipita wapi, ndipo uamue: kuinua, au kuhama.