Miguu ikiuma: ukandwe nyayo au uende saluni?

Ukishinda umesimama sokoni Kiogoro tangu alfajiri ukiuza ndizi, au ukipanda na kushuka vilima vya Gusii kutwa nzima ndani ya gambuti, jioni nyayo huwaka kana kwamba zimekanyaga makaa. Hata karani wa mjini Kisii mwenye viatu vya visigino virefu analijua jambo hili. Wagonjwa wengi siku hizi huuliza: “Daktari, hizi pesa kidogo nilizo nazo, nimpelekee mkandaji wa nyayo, yule wa rifleksolojia, au niende saluni nikafanyiwe pedikyua?”

Jibu linategemea kinachokuuma. Pedikyua ni kazi ya ngozi na kucha. Miguu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, kucha hukatwa, sugu na magaga husuguliwa, kisha hupakwa mafuta na, kwa apendaye, rangi. Ikiwa taabu yako ni nyufa za kisigino zinazochoma ukitembea, au sugu inayokufinya ndani ya kiatu kama changarawe, pedikyua nzuri itakufaa. Lakini haifiki kwenye misuli wala kano.

Rifleksolojia ni kitu kingine. Mkandaji hubonyeza sehemu fulani za unyayo akiamini kwamba kila sehemu ina kiungo chake mwilini; hapa figo, pale ini. Mawazo haya yalienezwa Marekani na William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo, aliyetoa kitabu mwaka 1917. Baadaye, katika miaka ya 1930, Eunice Ingham akayaendeleza kwa kuchora ramani ya nyayo. Mwaka 2009 mtafiti Edzard Ernst, wa Uingereza, alipitia majaribio 18 ya tiba hii na hakuona ushahidi wa kuridhisha kwamba inaponya ugonjwa wowote. Hata hivyo, kukandwa kwenyewe kunaburudisha, na misuli iliyokaza hulegea. Ukitaka kwenda kama starehe baada ya siku ndefu, nenda. Lakini mkandaji akikwambia kwamba kidole chake kimegundua ugonjwa wa figo, vaa viatu vyako uende zako. Figo hupimwa kwa damu na mkojo.

Kuna maumivu ambayo hayamhusu yeyote kati ya hao wawili. Unaamka asubuhi, unakanyaga chini, na kisigino kinachoma kana kwamba umekanyaga msumari. Ukishatembea kidogo maumivu yanapungua. Huo ni ukanda mgumu ulio chini ya unyayo, kutoka kisigino hadi vidoleni, uliochoka kwa kuvutwa. Kabla hujashuka kitandani, shika vidole vya mguu huo uvivute kuelekea kwako, uhesabu hadi 10, kisha uachilie. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku. Weka kando ndara nyembamba na utafute kiatu chenye soli nene iliyo laini kisiginoni. Huchukua miezi kupona, kwa hivyo usikate tamaa baada ya wiki moja. Zoezi hili halina malipo, na labda ndiyo sababu watu hawaliamini!

Tukirudi saluni, kinachonitia wasiwasi ni wembe na karai. Wembe uliomkata mteja mmoja ukapitishwa kwa mwingine unaweza kubeba virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini. Na karai je? Huko California mwaka 2000, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja walipata majipu miguuni kutokana na vijidudu vilivyojificha katika mabeseni ya kuoshea miguu. Waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Basi usinyoe siku hiyo. Beba kikata kucha na jiwe lako mwenyewe, na uone karai likisuguliwa kwa sabuni na dawa ya klorini kabla hujatia mguu. Mwenye saluni akinuna, na anune.

Kwa mwenye ugonjwa wa kisukari, hata maji hayo ya moto ni hatari. Sukari ikikaa juu kwa miaka huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Mtu huungua au hukatwa bila kuhisi, kidonda huoza, na wengine huishia kukatwa mguu. Jipime nyumbani hivi: lala, vua soksi, fumba macho. Mtu akuguse kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asibonyeze. Kila ukihisi, sema. Miguso ni 6; usipohisi 2 au zaidi, saluni iache na mkandaji mwache, uende kliniki ya kisukari ukaangaliwe miguu. Hata ukihisi yote, usikubali sugu zako zikatwe kwa wembe, na uambie kliniki kuhusu ganzi au kuwaka moto usiku.

Mama mjamzito anayevimba miguu ghafla huku kichwa kikimuuma au macho yakimwona giza, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa yeyote aliyevimba mguu mmoja tu, shavu la mguu likiwa linauma na lina joto. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni. Mguu huo usikandwe na mtu yeyote kabla haujapimwa.